Goti Langu na Msumeno wa Daktari

Jumatatu, 2 Septemba

Nimetoka hospitali. Niko hai. Kwa sasa.

Goti la kushoto linanisumbua tangu mwaka juzi. Leo mke wangu kaniburura mpaka kwa daktari wa mifupa, baada ya kunikuta nateremka ngazi za nyumba ya mteja kinyumenyume, fremu ya dirisha begani. Nilimweleza kwamba mafundi wakubwa wote huteremka hivyo. Hakucheka hata kidogo.

Nilitegemea daktari mwenye mvi. Nikakuta binti, rika la kitinda mimba wangu, kavaa raba nyeupe! Nimempa jina: Daktari Kinda. Akaniita mzee wangu. Mimi? Sitini bado sijafika! (Imebaki kidogo.) Akanitembeza kule na huku chumbani kama mbuzi anayetaka kununuliwa. Kisha akachuchumaa mbele yangu, akatazama miguu, akasema nina matege. Nikamwambia hayo si matege, ni mbwembwe. Mke wangu akadakia kwamba mbwembwe hizo hazikuwepo wakati namposa. Nikamwambia hakutazama vizuri. Akasema hilo ni kweli, angetazama vizuri asingekubali.

Daktari Kinda akangoja tumalize. Kisha akatoa habari.

Eti ndani ya goti mna gegedu, kitu laini kinachozuia mfupa usisage mfupa mwenzake. Langu la upande wa ndani limelika. La upande wa nje ni zima. Mguu umepinda, kwa hiyo uzito wote unaangukia upande mmoja. Nikatikisa kichwa kifundi. Mlango ulioinama hula bawaba moja tu, nani asiyejua? Nikauliza dawa yake ni ya kumeza au ya kupaka.

Akasema wataukata mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti. Watautanua kwa kabari mpaka mguu unyooke, halafu waufunge kwa bamba la chuma na skrubu. Uzito utahamia upande uliobaki mzima, na goti nitabaki nalo, lile lile nililokuja nalo duniani. Ila nisikawie. Nikikawia, upande wa nje nao utakwisha, na hapo hakutakuwa na goti la kuokoa. Litang'olewa, niwekewe la bandia, na habari ya kupiga magoti kutwa nzima nikifunga vizingiti niisahau.

Mke wangu alisikia yote hayo. Mimi nilisikia neno moja. Wataukata.

Wako watu wanaoogopa msumeno kwa sababu hawaujui. Mimi nauogopa kwa sababu nimeushika tangu ndevu hazijaota. Najua unavyoruka. Najua unavyopotea njia ukikutana na fundo. Nikamuuliza daktari kama mfupa wangu una mafundo. Akaandika kitu kwenye faili. Nadhani aliandika "mjinga".

Nirudi kupigwa picha ya mguu mzima, kuanzia nyonga hadi kifundo, nikiwa nimesimama wima, ili apime umepinda kiasi gani. Nimemjibu kwa sauti nene kwamba nitarudi. Sauti ilikuwa nene. Lakini nilifungua kabati nikidhani ni mlango wa kutokea.

Jumatano, 4 Septemba

Karakana naigawana na shemeji, mdogo wake mke wangu. Mimi milango na madirisha, yeye makochi. Meza yangu ya kazi iko dirishani kwenye mwanga. Yeye yuko kule nyuma gizani na masponji yake, na miaka yote hii anaikodolea macho meza yangu kama paka aliyeona samaki. Leo nimeingia nimemkuta anaipima kwa futi kamba. Eti alikuwa anapima vumbi!

Kumbe dada yake kamweleza kila kitu. Nyumba hii siri haikai hata ukiitia kwenye chupa.

Akaketi juu ya kochi lisilo na kitambaa, akaanza kunifariji. Akasema anamjua mtu aliyekatwa hivyo hivyo, mguu ukanyooka kupita kiasi, sasa akitaka kwenda mbele anazunguka kama bikari. Nikamuuliza mtu huyo anakaa wapi. Akasema alihama. Nikamuuliza kwa mguu huo alihamaje. Akasema alizungukazunguka mpaka akafika.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu nikachukua patasi niinoe, nikaona mikono inatetemeka. Nikasema kuna baridi. Shemeji alikuwa amevua shati kwa joto. Akavaa shati lake. Sijui alikuwa ananicheka au ananihurumia. Yote mawili siyataki.

Nikiwa kwenye randa, wazo! Kama dawa ni kabari, kwa nini iingie kwenye mfupa? Si iingie kwenye kiatu? Mfupa wa mtu uachwe na amani yake. Na kabari nani ataichonga vizuri kuliko mimi?

Jumamosi, 7 Septemba

Kabari nimeichonga kwa mti mgumu, nikaipiga msasa mpaka ikang'aa. Nzuri! Nikaitia ndani ya kiatu cha kushoto, upande wa ndani. Hesabu yangu: palipolika ndipo pa kujaza. Fundi gani hajui hilo?

Siku ya kwanza goti liliuma. Nikasema linazoea. Siku ya pili likavimba kama boga. Nikasema linajaa nguvu. Leo nimeshindwa kuinuka kitini, nikamwita mke wangu aje anioneshe kitu dirishani, ili akija nimshike bega. Akaja. Dirishani hapakuwa na kitu. Akavua kiatu changu bila kuniomba ruhusa.

Mwanamke huyu hajawahi kushika hata bisibisi. Akaitazama kabari, akautazama mguu, akainamisha kiganja huku na huku, kisha akaniuliza kama nilikusudia kuyapunguza matege au kuyazidisha. Nikatazama. Looo! Kumbe nimejisukumia uzito kule kule kulikokwisha! Kwenye mlango ningesema mteja ndiye kakosea vipimo. Hapa mteja ni mimi.

Akaichukua kabari. Sasa inashikilia mlango wa jikoni usijifunge. Inafanya kazi vizuri sana. Inaniudhi.

Jumanne, 10 Septemba

Goti limepungua. Hofu imeongezeka.

Nimeota mchana, kwenye kiti, baada ya chakula. Niko mezani kwangu, nimebanwa kwa jiliwa kama ubao, na shemeji anakuja na msumeno ulioliwa na kutu. Ananiambia tulia shemeji, nakutoa mezani tu. Nimeamka nikipiga kelele. Mke wangu akatoka jikoni akauliza kuna nini. Nikasema nzi.

Lakini hofu ni mwalimu. Nimefikiri hivi: daktari anakata kwa sababu mguu umepinda. Atajuaje umepinda? Kwa picha. Picha ikionesha mguu umenyooka, atakata nini? Hana cha kukata! Atanipa mafuta ya kuchua, tuagane vizuri.

Nimejifungia chumbani mbele ya kioo cha kabati. Nimejaribu mikao yote. Ukiugeuza wayo kwa ndani kidogo, ukakunja goti kama mtu anayetaka kukaa halafu akaghairi, na uzito wote ukaupa mguu wa kulia, basi mguu wa kushoto unanyooka kama nguzo ya umeme. Nilijipenda! Mke wangu akafungua mlango ghafla, akaniuliza naringia nani. Nikamwambia namringia yeye. Akafunga mlango.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimefaulu!

Mpiga picha ni jitu lenye mikono kama makasia na sauti ya upole. Chumba cha baridi. Kaptula ya hospitali, fupi kuliko adabu. Akanisimamisha penye ubao, akageuza miguu yangu sawasawa, akasema pia ya goti itazame mbele, uzito pande zote mbili, nisitikisike. Nikamwambia mimi kutotikisika ndiyo sifa yangu. Akaenda nyuma ya kioo. Hapo hapo wayo ndani, goti limekunjwa, uzito kulia. Mashine ikalia. Kabla hajatokeza kichwa, nimesharudi kama askari wa gwaride.

Peke yangu mle ndani, na ile mashine imenitolea jicho lake, nilihisi kama inajua. Mashine zinajua? Nimeondoka haraka.

Nikapitia karakana kumwambia shemeji kwamba nimepona, na meza aitoe kichwani. Akaniuliza nimeponaje wakati naingia mlangoni nimeshika ukuta. Nikamwambia ukuta ndio ulionishika mimi.

Jumatatu, 16 Septemba

Siku mbaya. Mbaya!

Daktari Kinda akafungua picha kwenye kompyuta. Mke wangu kulia kwangu, mkoba mapajani. Daktari akasema kuna habari njema: mguu umenyooka. Nilitaka kurukaruka. Nikajizuia kwa sababu ya goti.

Akasema na habari nyingine. Kama mguu umenyooka na maumivu yapo, basi kuunyoosha hakuna faida. Kinachobaki ni goti zima kutoka. Atakata mfupa wa juu, atakata na wa chini, aweke chuma na plastiki katikati. Akachukua kalamu aanze kuandika.

Juu na chini! Nimekimbia msumeno mmoja nimeangukia miwili! Jasho likanitoka mpaka kwenye masikio. Nikauliza kwa upole kama labda mashine hukosea siku nyingine. Akasema mashine hiyo haikosei. Kalamu ikagusa karatasi. Nikauliza je, kama mtu alisimama, tuseme, kidogo, kwa bahati mbaya... Akasema kusimama gani? Akaacha kuandika. Mke wangu akageuka na kiti chake chote.

Nikamwaga yote. Wayo, kioo cha kabati, uzito kulia, hata kabari ambayo hakuna aliyeniuliza. Mke wangu akauficha uso kwenye mtandio, mabega yanaruka. Nikadhani analia. Hakuwa analia.

Daktari Kinda wala hakushtuka. Akageuza kompyuta nione. Pia ya goti kwenye picha inatazama pembeni, kama jirani anayechungulia ugomvi wa watu. Alijua kabla sijakaa! Msichana mdogo, na mwongo hivyo! Nimeanza kumheshimu.

Kisha akaniuliza, bila mzaha, mzee wangu unaogopa nini. Nikasema siogopi kitu. Akangoja. Ni mzuri sana wa kungoja huyu. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba naogopa kulala pale mezani fundi, nikaamka gogo. Kwamba nimeona mbao ngapi zikikatwa vizuri na bado zikapasuka baadaye. Kwamba mimi kazi nyingine siijui.

Mke wangu akaacha kucheka.

Daktari hakunibembeleza. Akasema mfupa unaweza kukawia kuunga. Kidonda kinaweza kuingia wadudu. Damu inaweza kuganda. Si mara nyingi, lakini hutokea, na ndiyo maana atanifuatilia. Akasema pia kwamba mfupa si ubao. Ubao ukikatwa umekatwa. Mfupa ukikatwa unajaa wenyewe, kwa kuwa uko hai. Sikuwa nimefikiria hilo. Kuna mbao ambazo ningependa ziwe hivyo.

Nimepigwa picha tena. Safari hii jitu limenifunga nyayo kwa plasta sakafuni. Pembe imepimwa. Matege halali. Nimekubali kukatwa. Mkono uliosaini si wangu, naapa.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimelazwa. Kesho asubuhi.

Wamenipa gauni lililo wazi nyuma. Aliyelishona alikosa kitambaa au alikosa haya. Sista wa wodi, mama mnene mwenye saa kifuani, akachora mshale kwa wino kwenye mguu wa kushoto. Mshale mmoja! Kazi yote hiyo inategemea mshale mmoja! Alipotoka nikachukua penseli yangu ya useremala, nikaandika kwenye mguu wa kulia kwa herufi kubwa: SIO HUU. Nikatulia. Halafu nikaona jasho limefuta SIO. Imebaki HUU.

Nilipiga kengele kama nyumba inaungua. Sista akaja mbio, akasoma, akauosha mguu kwa pamba na spiriti huku ananifokea. Eti kazi ya fundi aachiwe fundi. Maneno hayo nimewaambia wateja maisha yangu yote. Sikujua yanauma.

Mbinu ya mwisho. Sista alisema kuanzia saa aliyoitaja nisitie kitu mdomoni, la sivyo upasuaji unaahirishwa. Unaahirishwa! Nilikuwa na biskuti chini ya mto. Nikaitoa taratibu kuiweka tayari kwa kesho alfajiri. Mke wangu, ambaye alikuwa anazungumza na mgonjwa wa kitanda cha pili, bila hata kugeuza kichwa akanyoosha mkono, akaichukua, akaila yeye. Akaendelea na mazungumzo.

Baadaye akaketi mwisho wa kitanda. Akashika kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto, akakishikilia tu. Hakusema kitu. Mwanamke huyu ana la kusema juu ya kila jambo, hata juu ya namna ninavyopumua. Nilimngoja aseme. Kengele ya kumaliza kutazama wagonjwa ikalia, bado kimya. Akaondoka.

Hilo ndilo lililonitisha kuliko msumeno.

Jumatano, 25 Septemba

Nipo! Nimejipapasa. Miguu ni miwili.

Jana wamenichoma sindano ya ganzi mgongoni, kuanzia kiunoni kwenda chini nikawa gunia la mtu mwingine. Nikasubiri usingizi. Usingizi haukuja! Kumbe ganzi hiyo inalaza miguu, haikulazi wewe. Wakaweka pazia la kijani kifuani kwangu. Nyuma ya pazia macho tu, na barakoa.

Halafu nikausikia.

Msumeno wa umeme. Mdogo, wenye meno laini. Sikuhisi chochote, lakini masikio yangu hayakuchomwa sindano. Najua sauti ya msumeno unapougusa ubao. Hii ilikuwa sauti hiyo hiyo, ila ubao ulikuwa mimi. Nikafumba macho. Nikaomba kila nilichowahi kujifunza kuomba, na vingine nikavitunga.

Kisha nyundo. Ko. Ko. Ko. Patasi inaingia! Na hapo, sijui ni hofu au ni mazoea, maneno yakanitoka. Nikapaza sauti kwamba huyo anayepiga apunguze mkono, patasi haipigwi hivyo, itapasua ukingo wa pili. Nyundo ikasimama. Kisha sauti ya Daktari Kinda kutoka nyuma ya pazia, ikiuliza fundi wa hapa ni nani. Nikasema wewe mwanangu, wewe, lakini polepole. Akasema hivyo ndivyo anavyofanya, ule ukingo wa pili anauacha makusudi usikatike, uwe kama bawaba.

Bawaba! Mtoto huyu anajua kazi. Nikamuuliza skrubu anatoboa kwanza au anakaza hivi hivi. Mtu wa ganzi akaingiza kitu kwenye mrija wa mkononi, na sikumbuki jibu.

Nimeamka wodini, kinywa kikavu, mke wangu pembeni. Amenikaripia kwa sababu nilikuwa nakoroma mbele za watu. Akaendelea, akakaripia mto, shuka, dirisha, na chakula cha hospitali. Muziki mtamu! Nikalala tena.

Jumatatu, 30 Septemba

Nyumbani. Magongo mawili. Mguu uguse chini kidogo tu, kama unagusa maji kujua kama ni ya moto. Ndivyo anavyosema kijana wa mazoezi anayekuja kunikunja goti. Namwita Mtesaji. Anaitika.

Usiku na mchana nawaza kitu kimoja: pale palipokatwa pana nini sasa? Upenyo! Mimi natembea na upenyo! Nikipiga chafya nashika mguu.

Shemeji amekuja kunitazama. Akasema nisihangaike, milango ya yule mteja wa ghorofa amenimalizia yeye. Nilipauka. Mtu wa makochi na milango yangu! Nikamuuliza ameimaliza vipi. Akasema ule wa chumbani aliona mgumu mno, akauwekea sponji kidogo na ngozi ya vifungo. Mlango! Wenye vifungo! Nikamwambia huo si mlango, ni kochi lililosimama. Akasema mteja ameupenda na anataka mwingine.

Alipoondoka nimelia kidogo. Nimesingizia dawa.

Jumatano, 16 Oktoba

Leo nimemaliza maisha yangu. Ndivyo nilivyodhani tangu asubuhi mpaka alasiri.

Mke wangu alikwenda sokoni. Nikajikokota mpaka karakana kwa magongo, niione meza yangu. Nikamkuta shemeji kaketi dirishani kwenye mwanga wangu, anakata sponji juu ya meza yangu, na kikombe chake cha chai kimeweka duara kwenye ubao niliopiga randa mwenyewe. Damu ikapanda. Nikaegemeza magongo mlangoni ili anione mwanamume mzima, nikapiga hatua. Mguu wa kushoto chini, wote.

KAK!

Nikaganda. Shemeji naye akaganda, mkasi hewani. Sote tuliusikia mlio. Nikaona bamba limekatika, skrubu zimetawanyika ndani kama misumari iliyomwagika, Daktari Kinda ananitazama kwa yale macho yake ya kungoja. Nikaona goti la bandia. Nikaona meza imepigwa sponji na vifungo.

Shemeji akanibeba. Ndiyo, akanibeba mgongoni, mtu mzima na mvi zangu, mpaka hospitali, barabara nzima inatazama, na njia nzima anarudia eti shemeji usife, shemeji usife, dada ataniua. Sikuwa nimewahi kumsikia na sauti hiyo. Nilitaka kumtania, nikaishia kumkumbatia shingo.

Picha. Jitu likanilaza safari hii. Tukangoja. Daktari Kinda akatoka na kusema mfupa uko salama, unajaa vizuri, bamba liko mahali pake. Akauliza mlio ulitoka wapi. Sote tukatazamana. Shemeji akatia mkono kwenye mfuko wa suruali yangu akatoa penseli ya useremala, vipande viwili.

Daktari akanisema kwa muda mrefu. Eti bahati haitakuja mara mbili. Nimeapa mbele yake, mkono juu, kwamba kuanzia leo nitasema ukweli na nitafuata maelekezo. Mke wangu akafika katikati ya kiapo. Akaomba nikirudie kuanzia mwanzo.

Jumatatu, 2 Desemba

Siku ya furaha. Magongo nimeyarudisha. Mguu umenyooka kama rula! Nimesimama mbele ya kioo cha kabati bila hila yoyote na sikuweza kuacha kujitazama. Yale maumivu ya mfupa kusaga mfupa yamenyamaza. Juzi nimepiga magoti juu ya sponji nikafunga kizingiti, nikainuka mwenyewe. Nilikaa kwenye kizingiti hicho kwa muda, nikajifanya napima.

Daktari Kinda naye amefurahi. Akanionesha picha: ule upenyo umejaa mfupa, mfupa wangu mwenyewe, hakuna aliyeuchonga. Akasema goti hili, nikilitunza, linaweza kunibeba miaka mingi kabla ya habari za bandia. Nilitaka kumkumbatia. Nikampa mkono.

Nikiwa navaa kiatu, akasema jambo dogo tu. Eti lile bamba huwa linakaa karibu na ngozi. Wengine linawasumbua. Likisumbua, mwakani, mfupa ukishakomaa kabisa, analitoa. Ni kazi ndogo. Wanafungua tu pale pale, wanafungua skrubu moja moja.

Wanafungua.

Ukweli ni kwamba linasumbua. Nikiegemea meza ya kazi nahisi kama kuna mtu ananichoma bisibisi kwa ndani. Nikilala ubavu, nashtuka. Mke wangu anajua, ananisikia nikiguna. Akafungua mdomo aseme. Nikamkanyaga, kwa mguu ule ule uliopona.

Daktari akachuchumaa, akatafuta lilipo bamba kwa kidole gumba, akabonyeza. Akaniuliza kama panauma.

Mama yangu! Nyota za mchana!

Nikacheka kwa nguvu. Nikamwambia ananitekenya. Akabonyeza tena, zaidi, akitazama uso wangu. Nikacheka zaidi, machozi yakanitiririka mpaka kidevuni, nikamweleza kwamba sisi wazee tukifurahi ndivyo tulivyo.

Akangoja. Na mimi nikangoja. Safari hii nimemshinda! Akaandika kwenye faili, akasema tuonane mwakani.

Mwakani ni mbali. Nimeshaanza mazoezi ya kucheka.